Kiatu Ambacho Mdogo Wangu Hakukivaa

Mpendwa mdogo wangu Aloisi,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujanisalimia, maana nakujua. Popote utakapolifungua gazeti hili na kuona ni mimi, shikamoo itakutoka hata kama moyo umenuna. Sisi wa kwa Mama hatukulelewa kununa bila kuamkia.

Barua tatu nilizokutumia Voi zimerudi, zote zimeandikwa mgongoni kwamba hujulikani. Dereva wa lori la kahawa ndiye aliyeniambia alikuona huko, umekonda, unapakia mkonge. Nikamuuliza kama bado unacheza mpira akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la matusi. Basi nimeamua kukuandikia mbele ya watu wote. Mama anasema ni aibu kuanika mambo ya nyumbani gazetini. Nimemjibu kwamba aibu ilianikwa siku ile jina lako lilipobandikwa ukutani sokoni Moshi, na siku hiyo hakuna aliyekuja kutuomba ruhusa.

Nikuambie mapema ninachokuandikia, usije ukachoka na maneno yangu kabla ya kufika. Mezani kwangu kuna karatasi kutoka kwa kamati ya mpira. Inataka sahihi yako kabla mwezi huu haujaisha. Ukiitia sahihi, unafunguliwa, unacheza tena Tanganyika na Kenya. Ungetegemea nifurahi. Sijafurahi, nimekasirika.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Tunateremka kutoka Kilema asubuhi, umande wa migombani umetulowanisha mpaka magotini, wewe mbele, mimi nyuma nalalamika kwamba unakimbia. Tukifika Majengo tunapita kwanza kwa nahodha wetu, Fundi Abdalla, tunamkuta kwenye cherehani anashona ukosi wa fulana ya timu na kumgombeza mteja kwa wakati mmoja. Mkewe alitupa chai na maandazi, akakuuliza kila wiki utaoa lini. Na kila wiki Fundi Abdalla alikutolea vile viatu vya mpira vya kuazima, akakusihi uvijaribu. Siku moja ulikubali. Ulipiga hatua nne barazani, ukavivua, ukamrudishia kwa mikono miwili, ukasema ndani ya viatu miguu yako haisikii. Tulicheka mpaka majirani wakachungulia. Kuanzia hapo aliacha kukusumbua. Mji mzima wa Moshi ulijua kwamba winga wa kushoto kutoka Kilema anacheza peku.

Mji mzima, isipokuwa watu watatu waliokuhukumu.

Sitaki kuirudia ile mechi, lakini wasomaji hawakuwepo. Ilikuwa mechi ya kirafiki na wenzetu wa Taveta, wa ng'ambo ya mpaka. Kipindi cha pili wewe na beki wao, Elija, mliufuata mpira mmoja. Mlianguka pamoja. Wewe uliinuka, yeye hakuinuka, mguu wake umevunjika chini ya goti. Refa akapuliza, akakutoa nje. Ulitoka huku unageuka nyuma kumtazama yule kijana, si refa.

Kesho yake, kabla mimi sijanawa uso, ulikuwa umeshateremka mjini peke yako kwenda hospitali. Mkononi ulikuwa na jani la sale ulilolichuma kwenye ua wa Baba, umelifunga fundo. Hukuniuliza, na hapakuwa na la kuuliza. Baba alitufundisha kwamba ukimuumiza mtu, kwa kutaka au kwa bahati mbaya, unampelekea sale kwanza, maneno yatafuata. Kwa sisi Wachagga mtu hawezi kupokea sale halafu akaendelea kukushikia kinyongo. Elija alilipokea. Bibi yake ni wa kwetu, alijua ameshika nini. Mlikaa, mkaongea habari za mpira, ukammenyea ndizi mbivu. Kwenu ninyi wawili jambo liliisha pale kitandani.

Wakubwa wao hawakukubali liishe. Taveta waliandika barua kwamba hawatavuka tena mpaka kucheza Moshi hadi mkosaji aadhibiwe. Kamati yetu ikaogopa. Wakaita kikao, na kabla kikao hakijakaa, walishajua wanamtaka mkosaji, bado tu kumpa jina.

Hapa ndipo napaswa kusema nisichowahi kukuambia. Asubuhi ile ya kikao, nje ya mlango, nilikushika bega nikakwambia unyamaze, nitasema mimi. Mimi ni karani. Nimezoea wazungu, nina koti, najua kusimama. Wewe ni mdogo, na mdogo hasemi kaka yake akiwepo. Ukatii. Ulikuwa ukinitii siku zote, na mimi nilikuwa nikipenda hivyo.

Waliokaa mezani walikuwa mwenyekiti, yule mzungu wa shamba la mkonge, na katibu wake, na wa tatu ni nani kama si refa mwenyewe? Yule aliyepuliza filimbi, aliyekutoa nje, aliyeandika taarifa. Aliisoma taarifa yake, kisha akarudi kwenye kiti chake kuamua kama taarifa yake ni ya kweli. Nami nilisimama pale na koti langu nikaona ni sawa, kwa kuwa walikuwa na meza, na kitambaa juu ya meza.

Taarifa ilisema ulimkanyaga Elija makusudi kwa kiatu. Kwa kiatu, Aloisi. Niliisikia, na nilikuwa nikikutafsiria moja kwa moja, na neno hilo halikunigusa, maana nilikuwa nawaza maneno mazuri nitakayosema zamu yangu ikifika. Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, unaitazama miguu yako. Nilidhani ni haya.

Mwenyekiti akauliza habari za jani. Mtu wa hospitali alikuwa amemweleza. Akataka kujua lina maana gani. Nikajidai mwalimu. Nikasema kwa Kiingereza changu cha kujivunia kwamba hiyo ni desturi ya kwetu ya kuomba msamaha. Niliona katibu anaandika. Nikadhani ameandika jinsi ulivyo mtu wa adabu. Aliandika: mshtakiwa amekiri kosa.

Kufungiwa maisha. Na ndani ya wiki hiyo barua ilishavuka mpaka, Taveta wakaipokea, Voi wakaipokea, Mombasa ulikokuwa umechaguliwa kwenda na timu ya Kaskazini wakaipokea. Adhabu ile ilitembea upesi kuliko ulivyowahi kukimbia wewe.

Tuliondoka kurudi Kilema. Tulipofika pale njia inapoanza kupanda, ukasimama, ukasema, "Kaka, mimi sikuvaa viatu."

Nilitazama miguu yako. Ilikuwa na vumbi la Moshi mpaka vifundoni. Ingekuwa rahisi tu kuwaambia waiangalie. Tungeweza kugeuka, walikuwa bado hawajatawanyika. Nikakwambia tutaandika rufaa. Ulinitazama kidogo, ukaendelea kupanda. Wiki iliyofuata ulikuwa umeondoka.

Basi nimeandika. Miaka mitatu naandika. Rufaa ya kwanza nilitaja viatu. Nikajibiwa kwamba rufaa husikilizwa na kamati, yaani wale wale watatu, na kwamba jambo ambalo halikusemwa siku ya kikao haliwezi kusemwa baadaye. Nilipokwenda Taveta, walinikaribisha vizuri, wakanipa maji, wakaniambia ulihukumiwa Tanganyika, wao hawana mamlaka ya kuigusa hukumu ya huko. Nikauliza, kama hawana mamlaka ya kuifungua, wana mamlaka gani ya kuifuata? Wakasema hiyo ni heshima kati ya majirani. Nilirudi nimechoka na heshima ya majirani.

Lakini huko nilimpata Elija. Anatembea vizuri, anachechemea kidogo tu akichoka. Alisema mguu wake ulizama kwenye shimo la fuko, wewe ukaja juu yake kwa sababu hukuwa na mahali pengine pa kuangukia. Akasema alishangaa kusikia umefungiwa, kwani yeye hakuwahi kushtaki na hakuna aliyemuuliza. "Sale nililipokea mimi," akaniambia. "Wao wanadai nini tena?" Alikuja mpaka Moshi kwa gharama yake aseme hayo mbele ya kamati. Walimweka kwenye benchi la nje tangu asubuhi hadi saa tisa, kisha katibu akatoka kumwambia kikao kimefungwa.

Nilirudi nyumbani siku ile nikamfokea kila mtu, hata kuku. Jioni Mama akanikumbusha ule ugomvi wa maji, sisi tukiwa wadogo, ukoo wetu na ukoo wa juu tuligombania mfereji. Hatukumpelekea jambo mtu wa kwetu wala wa kwao. Ukoo wetu ulitoa mtu mmoja, wa kwao ukatoa mmoja, na hao wawili wakakubaliana juu ya wa tatu, mzee wa kule Marangu anayekunywa maji ya mfereji mwingine kabisa. Wakakaa. Kila mtu akasema mwenyewe, mpaka wanawake wanaoteka maji. Na hukumu ilipotoka, pande zote mbili ziliifuata, hata sisi tuliopoteza. Unakumbuka Baba alivyolala na hasira, kesho yake akaenda kuzibua mfereji pamoja nao?

Nikaandika hayo yote. Nikawashauri Moshi watoe mtu, Taveta watoe mtu, na hao wachague wa tatu asiyecheza, asiyepuliza filimbi, asiye na kiti kwenye kamati yoyote. Na anayeshtakiwa asikilizwe kwanza. Nikasema si kwa ajili yako tu, kwa kuwa mpira ukishavuka mpaka ni lazima kuwe na mahali pa kuamulia ambapo si nyumbani kwa yeyote. Nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba mpira wa miguu si mfereji wa migomba. Barua hiyo ninayo. Naisoma nikitaka kujiudhi.

Sasa mwenyekiti mpya amekuja, na ndiyo hii karatasi. Ni mtu mpole, alinipa kiti. Akasema kamati imeona huruma. Nikamuuliza huruma ya nini, akasema ya kukusamehe. Nikasema mtu husamehewa alichokosa. Akavua miwani, akasema ndicho anachoweza kupata kutoka kwa wenzake, nisikivunje. Karatasi inasema hivi: mimi Aloisi nakiri kwamba nilimkanyaga mchezaji kwa kiatu, najutia, na naishukuru kamati kwa msamaha wake. Chini yake kuna mstari wa jina lako.

Fundi Abdalla anasema tia sahihi, una umri wa miaka ishirini na sita, miguu haingoji. Anasema kila mtu anaujua ukweli, karatasi ni karatasi. Mama anasema usitie, utakuwa umemwambia Mungu uongo kwa ajili ya mchezo. Wanagombana barazani kwangu kila Jumapili, na mimi nimekuwa nikiwasikiliza kama vile ni jambo la kuamuliwa na sisi watatu.

Sikiliza nilichofanya. Juzi nilichukua kipande cha karatasi nikaandika jina lako jinsi unavyoliandika, ile A yako yenye mkia. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, kwa hiyo ilitoka sawasawa, hata wewe ungeikubali. Nikaiandika tena na tena. Nilikuwa na kalamu juu ya fomu yenyewe. Nilijiambia nakutetea, utanishukuru ukiwa uwanjani. Na siku moja kabla ya hapo nilikuwa nimeamua kinyume, niichane, niwatupie vipande usoni, nijiambie nakulinda jina lako. Siku mbili, hukumu mbili, na mara zote mbili hukuwepo. Nilikaa nikaiona ile meza yenye kitambaa. Safari hii niliyekaa hapo mezani ni mimi.

Nakukosa, Aloisi. Nimekasirika na wao, nimekasirika na mpaka, nimekasirika na wewe kwa kuondoka bila kunitukana, maana ungenitukana ningekuwa na cha kujibu. Lakini zaidi ya wote nimejikasirikia mimi. Kamati ilikunyima kusema siku moja. Mimi nilianza kukunyima tangu mlangoni, na nimeendelea miaka mitatu, kila barua kwa kalamu yangu, kila neno langu.

Fomu iko kabatini, haina alama hata moja. Vile vipande vya kujifunzia jina lako nimevichoma. Ukitaka kutia sahihi, njoo utie, na nitakushangilia uwanjani bila kukuuliza. Ukitaka kuichana, ichane mwenyewe. Ukitaka kitu cha tatu ambacho mimi karani sijakiwaza, kiseme. Mwenyekiti mpya amekubali jambo moja tu nililomwomba: ukija, utaingia peke yako, nami nitakaa nje kwenye benchi.

Nimemaliza. Sasa nanyamaza, useme wewe.

Wako,
Kaka yako, Kilema