Kitambaa Chekundu cha Mkwajuni

Mama,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mkono umekataa kuanza bila salamu.

Wanajeshi bado wako Kambini. Pori lote lililoota pale tangu Wazungu waondoke baada ya vita vya Hitla limefyekwa, mpaka kisima chao kimeonekana, kimejaa mapipa yenye kutu. Mabomu waliyoyakuta ardhini ni mengi kuliko tulivyodhani. Na sisi tuliokota kuni humo miaka yote, wewe mbele, mimi nyuma na kamba! Yakiisha, watu watagawiwa ardhi walime. Ndivyo anavyosema chifu.

Vile vitambaa vyekundu walivyofunga penye mabomu wameviondoa. Sasa wanachomeka mbao zenye picha ya fuvu. Mkubwa wao alikasirika sana barazani. "Dunia nzima nyekundu ni hatari," alisema. Mzee mmoja akamjibu kwa upole kwamba kwetu kitambaa chekundu kikifungwa chini ya mti mkubwa, watu huvua viatu. Mkubwa akauliza ni nani aliyepewa kazi ya kuwaarifu wenyeji. Chifu akanitazama mimi, karani wake. Nikatoa nakala ya tangazo nililolipiga taipu mwenyewe, nikasema lilibandikwa mlangoni pa ofisi, sokoni na shuleni. Akaridhika, nikakaa. Karatasi ile iliniokoa, Mama, na tangu siku hiyo siwezi kuishika.

Hawaijui Jumapili ile. Nilikuja nyumbani, ukanisongea sima kwa mboga ya mtsunga, una furaha kama mwenye harusi. Ukasema, "Kahindi, wazee wameukumbuka mzimu wetu. Nimeona nguo nyekundu pale mkwajuni." Mzimu ulikokwenda na mama yako ukiwa kigori, kabla Wazungu hawajauzungushia seng'enge. Nilisikia. Nilisikia vizuri kabisa. Lakini habari za mizimu zilikuwa zikinichosha, mimi mtu wa ofisi na kanisa, nikasema "eeh", kisha nikakuuliza kama paa bado linavuja.

Ulizoea kunicheka kwa kazi yangu: "Karatasi zenu hazijui kupiga hodi." Hukujua kusoma, na mimi mwanao nilijua kwamba hujui.

Siku ya tatu ukaenda na ubani, marashi ya waridi na chungu kipya. Wanasema ulichimba kidogo kwa jembe upate pa kukikalisha chungu. Mlipuko niliusikia nikiwa ofisini. Nikadhani ni wanajeshi wako kazini, nikaendelea kupiga taipu.

Hilo ndilo linalonirudia. Mshindo ningeuzoea. Ni vile vidole vyangu havikusita hata kidogo. Siku hizi nikivuta droo ya meza nasikia harufu ya marashi, nikiivuta tena hakuna kitu. Nikiwa natembea njia ya Jilore nageuka kutazama kama uko mbele na mzigo wako wa kuni. Mke wangu Dama anasema ni mawazo. Lakini yeye ndiye aliyejua ulichokwenda kuomba, maana ulimnong'oneza: mtoto wetu, baada ya miaka sita ya kungoja. Amezaliwa, Mama. Msichana. Tumempa jina lako, Kadzo. Hukaa akinikodolea macho bila kulia, na mimi ndiye ninayetazama pembeni.

Kesho kutwa wanalipua yale ya mwisho, upande wa mtoni, na kila mtu anatakiwa kuwa mbali. Chifu amenipa tangazo jingine nilibandike. Nimelikunja nikalitia mfukoni. Kesho nitatembea nyumba kwa nyumba, niseme kwa mdomo wangu, nisiondoke mpaka mwenye nyumba aniambie amenielewa vipi. Atakayetaja mzimu, nitakaa chini nimsikilize. Na wakiniuliza kwa nini karani anajitaabisha hivi juani, nitawaambia ile "eeh". Naiogopa aibu hiyo. Ila nimechoka kukuogopa wewe.

Kwaheri, Mama. Nitaanzia kwako. Najua mlango umefungwa kwa kamba na kuku wako amewachukua shangazi. Nitapiga hodi hata hivyo, nitasimama kidogo kama desturi, kisha nitakuambia: Mama, kile kitambaa si cha mzimu. Usiende.

Mwanao,
Kahindi