Sakafu ya Bwana Muhannad

Msasani, 3 Machi 2025

Baba, shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mie mzima, na shangazi hajambo. Simu huzisikii tangu mashine ya kusagia sakafu za terazo ikuharibie masikio, basi nakuandikia ujumbe.

Bwana Muhannad anajenga hoteli, anataka kuiona kwenye picha kabla hajamwaga zege. Mie ndiye ninayemchorea kwa kompyuta. Amekataa mara mbili. Anasema sakafu yangu ya terazo inafanana na trei ya plastiki. Akikataa tena Ijumaa, bosi wangu Bernadeta hataniongezea mkataba. Picha nimekutumia. Niambie ukweli.

Mwanao, Chausiku

Mbagala, 4 Machi

Marahaba mwanangu. Kifua kimetulia. Mama yako anakusalimu, anauliza kama huko mnakula.

Sakafu yako inang'aa sawasawa kila mahali. Nani kaisaga, malaika? Mashine haifiki ukutani. Pale tunapiga magoti na jiwe la mkono, ndiyo maana kingo hufifia. Halafu umeifanya iakisi kama kioo mpaka miguuni pa anayeitazama. Simama kwenye terazo ya kweli: chini yako unaona kokoto, mwanga wa dirisha unauona kule mbali.

Baba yako

Msasani, 4 Machi, jioni

Shikamoo baba. Ahsante, ila kompyuta ina hesabu zake. Kingo zilizofifia ni kazi mbaya, mteja atadhani nimelipua.

Mwanao

Msasani, 8 Machi

Shikamoo baba. Siku nne hujanijibu, na stahili yangu. Naomba radhi.

Alhamisi nilikwenda kwenye ile zahanati uliyosaga sakafu nikiwa darasa la pili. Nilisimama, nikainama, nikapiga magoti mbele ya wagonjwa. Kila kitu kilikuwa kama ulivyosema. Nikarudi ofisini nikabadili picha yote. Jana Bwana Muhannad aliitazama, akauliza, "Hapa ni wapi? Nipelekeni." Alidhani ni picha ya kamera. Nikampa jina la zahanati na lako. Mkataba nimepata, baba, na najivuna kuwa mtoto wa fundi.

Mwanao, Chausiku

Mbagala, 11 Machi

Marahaba mama. Sote wazima. Sikukujibu kwa sababu nilikasirika, nisikufiche. Miaka thelathini napiga magoti, halafu mwanangu aiite kazi mbaya. Yameisha.

Leo Bwana Muhannad alikuja, nikampeleka zahanati. Alivua viatu mlangoni, muuguzi akabaki kumshangaa. Anataka nimwekee sakafu ya hoteli. Nikamwambia magoti yangu yamechoka, ila nitawasimamia vijana, kwa sharti moja: ifanane na picha ya Chausiku binti Mwinjuma, isipofanana tunavunja. Hilo jina nililitaja mara tatu.

Tunaanza Jumamosi. Njoo na picha yako, utuonyeshe tunapokosea.

Baba yako, fundi wako