Shali ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayaona ukiendelea kusoma, ila naomba ukae chini kwanza. Kwenye simu ningeishia kulia, nawe ungeishia kunigombeza, na Mama yuko kitandani hapa pembeni yangu anasikia kila kitu.

Ndiyo, Mama amelazwa. Joto lilimwangusha. Daktari anasema figo zimeumia, na kwa umri wake hawezi kutuahidi lolote. Najua unauliza: joto gani, kwenye nyumba ile?

Unakumbuka tulipochimbua ua wake wote, ukaniita Fuko, ukasema kaka za wenzako wanajenga kwenda juu. Nilikueleza kwamba kule chini hakuna kiangazi wala kipupwe. Ukizungusha maji kwenye mabomba yaliyofukiwa, ardhi inapokea joto la nyumba wakati wa jua kali na kulirudisha wakati wa baridi. Maneno hayo nimeyasema maofisini mpaka nywele zimeniisha. Walinzi wa getini wananijua kuliko wakubwa wao. Wengine waliniuliza kama nauza visima, na bwana mmoja alitaka kujua kama volkano itamfuata sebuleni.

Nyumba ya Mama ndiyo ilikuwa duka langu. Mwanzoni kila mgeni nilimshikisha mabomba mawili ya ukutani, linalopeleka maji ardhini na linaloyarudisha, asikie tofauti kwa mkono wake. Kisha tunaingia sebuleni, madirisha yamefungwa kama nilivyoagiza, na Mama amekaa kwenye kiti chake kajifunika shali mabegani. Aliwaambia kwamba mwanawe atamuua kwa mafua. Wageni walicheka, wakaamini. Baada ya muda niliacha kuwashikisha mabomba, maana shali ilitosha. Nami mwenyewe, mtaalamu mzima, niliacha kupima. Nikitoka juani, ndani kote naona afadhali, na nikitokwa na jasho nailaumu tai.

Wiki iliyopita ilikuja kamati ya majengo ya shule, ile iliyonizungusha tangu ujana wangu. Walikaa sana. Mwenyekiti alikuwa na maswali mengi, nami nilikuwa na majibu marefu kuliko maswali. Mama alikaa muda wote na shali yake, uso unang'aa, nikadhani ni furaha. Niliwasindikiza hadi kwenye gari. Niliporudi alikuwa sakafuni.

Nilipokuwa natafuta nguo za kumpelekea hospitali, nilikuta feni chini ya kitanda chake, imefungwa kwenye shuka, waya umekunjwa vizuri. Jirani yake, yule mshona nguo, aliniambia bila kunitazama usoni kwamba feni ile mtaa mzima unaijua. Mama anaiwasha na kufungua madirisha nikiondoka, na nikipiga simu kwamba naja na wageni, anaificha. Aliwaomba wote wasiniambie. Alisema kijana wake hana kitu kingine.

Nikaenda ukutani nikayashika mabomba. Yote mawili yalikuwa na joto lile lile. Ua ni mdogo, Dada, niliyabananisha mno, na kipupwe chetu ni kifupi, hakiwezi kuondoa joto tulilolimwaga humo kila kiangazi. Ardhi imejaa. Nimeumia sana kuyaandika haya.

Sasa sikiliza ambalo sijamwambia mtu. Jana asubuhi kamati ilinipigia simu. Wamekubali, kila shule mpya iwe na mabomba yangu. Mwenyekiti alisema michoro haikumshawishi, aliyemshawishi ni yule bibi mwenye shali. Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikiwa na simu mkononi, na kabla ya mchana nilikuwa ofisini kwake nikimweleza yote. Alinishukuru kwa ukweli wangu, kisha akaniomba nisirudi tena. Michoro ingeweza kurekebishwa, mabomba yaachane, yaende chini zaidi. Lakini nani atanisikiliza tena? Imekwisha, Dada. Sijui kazi nyingine, na sina hamu ya kujifunza.

Jana jioni Mama alipata fahamu. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama wamekubali. Nilimjibu kwamba wamekubali. Alinishika mkono, akaomba shali yake. Tangu hapo anamsimulia kila nesi anayepita jinsi nyumba yake ilivyo na ubaridi, na leo amemwahidi daktari kwamba mwanawe atakuja kuchimba nje ya wodi. Daktari aliniuliza kazi hiyo inachukua muda gani. Nikamwambia ni muda mrefu, naye akaangalia faili la Mama.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu uwakumbatie kwa niaba yangu. Kama una nafasi ya kuja, njoo mapema.

Na ukimpigia Mama simu, tafadhali, habari ya feni usiiguse. Mpongeze.

Ni mimi mdogo wako,
Fuko