Kadi ya Walimu Wastaafu

Jumatano, baada ya Isha

Bado nina hasira na lile jibu. Asubuhi nilimsindikiza Abdi, mwenzangu aliyefundisha hesabu pale shule ya Iftin, akafanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Karani wa hospitali alitazama kadi yake ya bima, akasema kwa upole, "Maalim, hatupokei tena kadi za walimu wastaafu. Mfuko wenu umeishiwa."

Abdi akainuka. "Basi twende, dada. Allah Kariim."

Mimi sikuinuka. Nimewafundisha watoto wa mji huu insha miaka thelathini, siwezi kuondoka na jibu la mdomo. Nilimwambia karani aniandikie hayo aliyosema, kisha agonge muhuri. Tulikaa hadi adhuhuri, lakini barua nimeipata.

Alasiri niliandika malalamiko yetu, nikayapitisha kwa wastaafu wenzetu nyumba hadi nyumba. Wote wametia sahihi. Naogopa, sikatai. Jicho la kushoto la Abdi halioni tena, na la kulia haliwezi kungoja bajeti ya mtu. Hata dawa zangu za sukari...

Kwa Abdi nilifika mwisho. Nilimsomea yote, akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Umeandika 'tunaomba'," akasema. "Futa. Tulikatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya bima hii. Andika 'tunadai'."

Nimeandika upya ukurasa wa kwanza; sahihi ziko kwenye wa pili. Kesho tunayapeleka malalamiko ofisi ya elimu, mimi nimemshika mkono, yeye ameyabeba.