Safu Tupu katika Rejista ya Mama

Jumatatu, 5 Juni 1978
Nimechemsha sindano tangu asubuhi. Kuni mbichi, moshi mtupu. Kisha nimenakili majina ya wiki iliyopita kwenye rejista kubwa. Likizo yangu ndiyo hiyo. Siichukii. Mama ni muuguzi wa zahanati yetu na mwandiko wake hausomeki.

Barua imefika kutoka wilayani. Keshokutwa wakaguzi wanakuja kupima kazi ya zahanati. Jokofu la mafuta ya taa lipo moja tu, litapewa zahanati inayofikia watoto wengi. Sasa chanjo tunaifuata Karatu mjini ndani ya boksi la barafu. Ikipata joto tunaimwaga. Mwezi uliopita tulimwaga mara mbili. Mama alilia jikoni. Alidhani sikumwona.

Jumanne, 6 Juni
Kuna tatizo. Rejista ina safu ya "Idadi ya watoto wa mama huyu". Yetu ni tupu tangu ukurasa wa kwanza. Wanawake wa Kimaasai wanaoshuka kutoka Ngorongoro hawahesabu watoto wao. Wanasema ni kuwaitia balaa. Sisi Wairaqw wa hapa kijijini tungeweza kujaza, lakini Mama hataki rejista iwe na watu wa aina mbili.

Mwaka wake wa kwanza aliuliza. Mwanamke akambeba mwanawe akaondoka, na boma zima halikurudi kwa miezi. Tangu hapo huuliza majina tu, mmoja mmoja.

Nimemwambia tujaze usiku huu, namba zitapatikana kwenye majina. Amekataa. "Niliwaahidi sitaandika hapo." Naogopa. Nimekasirika pia.

Jumatano, 7 Juni
Wakaguzi wawili, Landrova moja. Mkubwa wao ana kalamu tatu mfukoni. Aligonga ile safu kwa kidole. "Mama, zahanati yako haina watoto?" Mama akaeleza. Akajibiwa, "Fomu haijui mila, mama yangu."

Mkaguzi akatoka mwenyewe barazani, akawauliza wanawake kwenye foleni: una watoto wangapi? Bibi mmoja akavuta shuka lake, akamwambia mkwewe waondoke. Wengine watatu wakasimama.

Nikaona jokofu linaondoka nao.

Sijui nilipata wapi sauti. Mimi, niliyeshindwa kukariri shairi mbele ya darasa. Nilichukua rejista, nikasimama mlangoni, nikasoma majina ya watoto. Nasieku. Lemayan. Naserian.

"Yupo," mama mmoja akasema. "Siku ya sindano alilia mpaka kule mlimani Oldeani wakamsikia."

Wakacheka. Yule bibi akageuka. "Binti wa shule, mdomo wako una kokoto. Naserian. Sema polepole." Nikarudia. Akaketi.

Nilisoma kurasa saba. Mkaguzi alikaa kwenye ngazi akichora vijistari kwa penseli, kimoja kwa kila jina. Hakutaja jumla kwa sauti.

Najivunia. Naandika tena: najivunia.

Ijumaa, 9 Juni
Hakuna habari. Juu ya Jumatano Mama amesema neno moja tu: kwamba mwanzoni nilisoma kama mtu anayefukuzwa na nyati. Kisha akanikatia kipande kikubwa cha muhogo. Namwelewa.

Jumatano, 14 Juni
Hakuna habari. Barafu iliyeyuka njiani. Tumemwaga chanjo tena.

Jumatano, 21 Juni
Jokofu limekuja. Lipo karibu na dirisha, jeupe. Mama amelipangusa hadi nyuma, hakutaka nimsaidie.

Imeletwa pia rejista mpya. Ile safu bado ipo, imechapwa vilevile. Lakini mtu ameandika juu yake kwa penseli: "Soma majina."

Mama aliyatazama maneno hayo muda mrefu. Akanipa kalamu.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa yule bibi, mjukuu mgongoni. Nikamwuliza jina la mtoto. Akalitaja polepole, kwa ajili yangu.