Bweni la Mtoto wa Baa

Butte, Montana
2 Juni 1996

Mwanangu Darinka,

Hujambo huko milimani? Hotelini wanakulisha, au wanakutandikisha vitanda tu? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba ngazi za kwetu hazijapungua. Mzee Halloran anakusalimu. Bado amekalia kiti chake kile kile cha kwenye kaunta, na bado anasema chuo cha Oregon ni mbali mno kwa msichana.

Karatasi za chuo zimekuja, nikazifungua. Usinune. Bahasha ililetwa hapa baa na kila mteja alitaka kujua imeandikwa nini. Unatakiwa uchague bweni kabla mwezi haujaisha. Yapo mengi, lakini moja linaitwa Whitcomb, na anayekaa humo anaahidi kwamba hataingiza pombe, sigara wala bangi, na hatarudi chumbani amelewa. Nataka ukae humo.

Nimeuza bia tangu kabla hujazaliwa. Najua ninachouza.

Shangazi yako,
Zorka


West Glacier
11 Juni 1996

Shikamoo Shangazi,

Natumaini goti limetulia. Mimi niko salama, mikono tu ndiyo imechubuka kwa sabuni za hoteli. Chakula kipo, lakini nauota mkate wako wa mdalasini.

Kuhusu Whitcomb, hapana. Tafadhali weka alama kwa Alder, ndilo bweni la watu wote. Si kwamba nataka kunywa. Unanijua mimi na bia. Ni hivi. Tangu baba na mama wapate ile ajali, kila nilichokula na kila kiatu nilichovaa kimetoka kwenye kaunta yako. Shuleni walikuwapo kina mama ambao hawakuwaruhusu watoto wao kuja kucheza kwetu. Majina yao ninayo mpaka leo. Sasa mimi nitie saini karatasi inayosema kazi yako ni uchafu usiovuka mlango? Siwezi.

Halafu wataniita mtawa.

Mwanao,
Darinka


Butte
17 Juni 1996

Darinka,

Barua imefika, nimefurahi u mzima. Huku hatujambo.

Hicho kichwa kigumu ni cha marehemu kaka yangu kabisa. Baba yako alikuwa akiambiwa avae koti, anavaa fulana. Nimeweka alama kwa Alder na nimeipeleka posta kwa mkono wangu. Umekuwa mtu mzima, na mtu mzima hachaguliwi kitanda.

Ila usinifanye mimi sababu. Sijamwomba mtu anitetee. Hao kina mama nawakumbuka pia. Pesa za bia za waume zao ndizo zilizonijengea paa jipya.

Shangazi yako,
Zorka


Bweni la Alder
20 Septemba 1996

Shikamoo Shangazi,

U hali gani? Mimi sijambo. Chumba ni kizuri. Ninayekaa naye anaitwa Paige, baba yake ni daktari wa meno. Majirani ni wachangamfu. Nasoma. Msalimu Mzee Halloran.

Mwanao,
Darinka


Butte
30 Septemba 1996

Mwanangu,

Sisi wazima, theluji ya kwanza imeshaanguka. Wewe ukiwa na furaha barua zako hazifungiki kwenye bahasha. Hii ni ndogo kama stempu.

Nangoja nyingine.

Shangazi yako,
Zorka


Bweni la Alder
4 Novemba 1996

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe kwa kimya. Natumaini hujambo. Mwili wangu mzima, mengine siyo.

Alder kila wiki wanaanza kulewa Alhamisi. Si watu wabaya, wengi wananipenda. Ila wiki ya kwanza msichana mmoja alianguka bafuni, wenzake wakasimama wanacheka. Nilimlaza ubavu, nikampangusa, nikakaa naye mpaka akaamka. Nimekuona ukifanya hivyo mara ngapi? Tangu siku hiyo mtu akizidiwa, mlango unaogongwa ni wangu. Wananiita nesi. Mwanzoni nilijivuna. Nilijiona nimekuja na kitu cha nyumbani.

Sasa nimekuwa yaya wa ghorofa nzima. Juzi Paige alitapikia daftari langu la kemia. Mtihani ulipokuja nikafeli, Shangazi. Mimi ambaye ulinitangaza kwa Butte nzima. Nilitaka kukuficha, lakini ile barua fupi ilishakuonyesha kwamba mambo si mazuri.

Mwanao,
Darinka


Butte
9 Novemba 1996

Mwanangu Darinka,

Pole sana. Mimi sijambo, na leo sina habari za goti.

Hujaniangusha. Nimekasirika, lakini si juu yako. Nisikilize. Mimi nikiwahudumia walevi nalipwa, na ukutani kuna saa. Wakati ukifika nazima taa, kila mtu anakwenda kwake. Wewe unafanya kazi yangu bure, kwenye baa isiyofungwa.

Mchinjaji hatandiki kitanda machinjioni. Mimi nalala juu ya baa kwa sababu sikuwa na pengine. Wewe unapo. Whitcomb hawasemi kwamba mimi ni mchafu. Wanasema kuna mahali pa kunywa na kuna mahali pa kulala, na hayo nimewaambia wateja wangu miaka yote, wengine kwa ufagio.

Unajua mimi mwenyewe sinywi. Hujaniuliza hata siku moja kwa nini. Nilikuwa nikionja kidogo, zamani. Halafu ukaja wewe, na ilikuwa lazima mtu aamke asubuhi akupeleke shule.

Kesho nenda kwa msimamizi wa mabweni. Usiniandikie mpaka umekwenda.

Shangazi yako,
Zorka


Nyumba ya Whitcomb
26 Januari 1997

Shikamoo Shangazi,

Natumaini hamjambo wote, na Mzee Halloran amepona kikohozi kile nilichomwachia wakati wa Krismasi. Mimi mzima kabisa, na usishangae bahasha kuwa nzito.

Nafasi imepatikana. Nimehamia na sanduku langu na lile blanketi lako la pamba. Usidhani ni kanisani. Jana walicheza karata wakagombana mpaka meza ikapinduka, na hakuna aliyeonja hata tone. Yupo aliyekuja kwa ajili ya dini yake, yupo mwenye pumu asiyestahimili moshi, na yupo Terrence, ambaye alianza kunywa akiwa sekondari na sasa ameacha. Huyo hutengeneza chai nyingi kuliko inayonyweka. Watu wa Alder wanatucheka wakipita, mmoja ananiita Sista Darinka. Nikamwambia asubuhi akiumwa kichwa asije kwangu, niko kwenye sala.

Nalala, Shangazi. Nilikuwa nimesahau. Kemia nimeianza upya na profesa ameandika "vizuri sana" juu ya karatasi ya kwanza. Nimekuwekea uione.

Mwezi wa nne wazazi wanaalikwa. Njoo. Usiniambie baa haina mtu. Halloran anaweza kufungua bomba la bia.

Mwanao,
Darinka


Butte
22 Aprili 1997

Mwanangu Darinka,

Nimefika salama. Basi lilichelewa, goti limevimba, lakini moyo u mzima kuliko ulivyoondoka hapa.

Nina jambo la kukuambia ambalo sikuweza kulisema mbele ya watu. Njia nzima ya kuja huko nilikuwa najifunza kusema nina mkahawa. "Nina mkahawa mdogo Butte." Niliurudia uongo huo mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama tunapika pai za nyama. Tulipokaa mduara pale sebuleni, kila mzazi akitaja jina na kazi, yule hakimu, yule mchungaji, nilikuwa naona zamu inakuja kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Nikafungua mdomo. Wewe ukasimama.

"Huyu ni shangazi yangu Zorka. Ana baa mjini Butte. Ndiye aliyenilea, na ndiye aliyeniambia nije kukaa hapa."

Ulisema kama mtu anayemtambulisha gavana. Mimi nikabaki natazama viatu vyangu.

Hukusikia yaliyofuata, ulikwenda kuleta chai. Mama yake Terrence alihama kiti chake akaja kukaa karibu yangu. Akaniuliza, taratibu, "Kijana kama wangu akija kwako, ungemfanyaje?" Nikamwambia, "Ningemtoa nje." Akaniuliza kama nimewahi kufanya hivyo. Nikamwambia wengi, na wapo waliorudi wakiwa watu wazima kunishukuru, na wapo ambao sikuwaona tena. Akanishika mkono, akacheka huku machozi yanamtoka, na hakuuachia mpaka ulipokuja na vikombe.

Nilipofungua mlango wa baa hapa, Halloran aliuliza, "Haya, mtoto amekuonea aibu?" Nikamweleza ulivyosema, neno kwa neno. Kisha akasema nirudie, nikarudia.

Tangu hapo kila anayeingia, hata mleta barafu, Halloran anagonga kaunta. "Zorka, mwambie na huyu."

Nami namwambia.

Shangazi yako, mwenye baa,
Zorka