Nyumba yetu ya Mpofi inauzwa, na mimi bado sijasaini

Jumamosi, mwezi wa tisa. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika, na jioni hii manyunyu yameanza tena. Nimekaa kwenye baraza na simu magotini, betri inakaribia kuisha. Rezo ya simu yangu haifiki hapa kwetu. Maneno haya yatatoka siku nitakapopanda tena kilima cha shule, ambako inashika.

Leo nilisema neno moja mbele ya watu, na neno hilo limewazuia Papa, Kaka Bahati na Dada Furaha kurudi makwao.



Mimi si mtu wa kuzuia watu. Shuleni nilimaliza miaka sita ya sekondari bila kuinua kidole hata mara moja. Mwalimu mmoja alinihesabu kuwa sipo siku ambayo nilikuwa nimekaa mbele yake, nami sikumsahihisha. Kaka ananiita Mama Kimya. Diploma ya sekondari nimepata mwaka huu, na kwa kuwa marafiki zangu wawili wameondoka, mmoja Goma na mwingine kwa mume, siku zinapita nikiwa nimezungumza zaidi na mbuzi wa jirani kuliko na mtu.

Nyumba yenyewe ni hii. Babu aliijenga kwa udongo, vyumba viwili. Papa na Mama waliibomoa kidogo kidogo, wakaweka msingi wa mawe, kuta za mbao, mabati mapya na sakafu ya simenti, kisha wakaongeza vyumba vinne upande wa migomba. Mawe yalitoka mtoni, na sisi watoto ndio tuliyabeba. Mama ndiye aliyetaka vyumba vingi hivyo. Alizaliwa kwenye milima ya Masisi, katika nyumba ambayo wageni walilala juu ya miguu ya watoto, akaapa kwamba kwake kila mtoto atakuwa na mlango wake. Hata mkiolewa, alisema, hata mkioa, Noeli hakuna atakayelala kwa jirani. Chumba cha tano kilikuwa cha wageni, na cha sita alikiita cha mkwe ambaye hatumjui bado. Kaka alikuwa akijibu kwamba huyo mkwe alipe kodi.

Ilijaa Noeli moja tu. Miezi mitano baadaye Mama alifariki kwa homa.

Halafu Papa alihamia Mubi, ambako biashara yake ya mafuta ya mawese ilikuwa inakwenda vizuri, akapata mke mwingine huko na watoto wawili wadogo. Simlaumu. Kaka alimfuata, akawa makanika wa pikipiki. Dada aliolewa Ntoto. Mimi nilibaki ili nimalize shule na kulinda nyumba, na nilipomaliza shule ikabaki kulinda tu. Jirani yetu, Mama Riziki, hupita kila jioni na kuniita kutoka njiani kama anayehesabu kuku. "Uko?" Naitika, "Niko." Anaenda zake.

Nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Mama alitufundisha kwamba nyumba ya mbao isiyolaliwa inaoza. Hapa mvua ni nyingi, ukungu unaingia kila mahali, na chumba kikifungwa wiki tatu, mbao zinaanza kunuka na wadudu wanajua. Kwa hiyo nalala kila chumba kwa zamu. Jioni napeleka mbabula, lile jiko la makaa, nafungua dirisha, naacha joto likaushe kuta, naitoa nje, kisha naingia na blanketi langu. Jumatatu kwa Kaka. Jumanne kwa Dada. Jumatano kwa mkwe. Nimefanya hivyo karibu miaka miwili. Mwanzoni nilikuwa nalinda mbao. Baadaye, sijui. Kuna siku nikiwa kwenye kitanda cha Dada namwambia kwa sauti nilivyoshinda.

Papa aliponipigia kwa simu ya Mama Riziki kusema kwamba nyumba itauzwa, aliniomba niandike tangazo kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Nililiandika kwenye kipande cha katoni na kulipeleka dukani barabarani. Nyumba ya mbao, msingi wa mawe, vyumba sita, saloni kubwa ya kukaa wageni, jiko la nje, migomba, miparachichi miwili inayozaa. Yote yalikuwa kweli. Nilisoma mara tatu nikaona kama nyumba ya watu wengine.

Wanunuzi walikuja Jumanne iliyopita, mume na mke. Mume ni mwalimu, na mke anaitwa Mama Esta. Walishuka kutoka upande wa Masisi wakati wa kukimbia vita, na sasa wamepanga hapa Mpofi vyumba viwili na watoto sita. Papa alikuwa amenionya kwa simu: "Useme tuko wengi. Nyumba ya watu njo watu wanapendaka. Ile ya kufungwa wanasema iko na mambo."

Mama Esta hakutazama sana. Aligonga mbao kwa kidole, akanusa pembe za kuta, akaweka kiganja juu ya godoro la Kaka.

"Hii chumba iko na joto. Njo nani analalaka humu?"

"Mimi, Mama."

Tukaingia kwa Dada.

"Na humu?"

"Mimi."

Tulipofika chumba cha nne, mume wake alicheka. "Huyu mutoto iko na usingizi mingi!"

Mama Esta hakucheka. Aliniuliza wenzangu wako wapi. Nikasema wako shambani, kama Papa alivyoniagiza. Aliendelea kunitazama, hakuwa na haraka, na mimi sijui kudanganya mtu anayesubiri.

"Hapana, Mama. Wako mbali."

Nilidhani nimeharibu kila kitu. Usiku ule nilitamani niwe nimeharibu kweli. Lakini kesho yake mume wake alirudi kusema kwamba wanaitaka. Walikuwa na sharti moja tu, na sharti hilo kila mnunuzi analitoa siku hizi, kwa sababu watu wamechoka kununua nyumba kwa baba kisha mtoto anatokea na kusema hakuulizwa. Walitaka watoto wote waliotimiza miaka kumi na minane wasaini, mbele ya chefu wa kijiji na mashahidi.

Miaka kumi na minane niliitimiza mwezi wa tatu. Papa hakuwa amekumbuka. Ilibidi Dada amwambie.

Sikuwa hata na saini. Nilijifunza kuandika moja nyuma ya daftari la hesabu, ukurasa mzima, na zote zilionekana kama zinataka kuomba radhi.

Leo walikuja kwa pikipiki, saa nne kasoro robo, Papa na Kaka kutoka Mubi, Dada kutoka Ntoto. Dada alikuwa na mtoto mgongoni, mpwa wangu ambaye nilikuwa nimemwona mara moja tu. Kaka alinitazama akasema nimekuwa mrefu, kisha akaingia kutazama kama paa linavuja. Papa alinipa mkate wa Mubi na kuniuliza kama karatasi zote za nyumba zipo. Wenye pikipiki walibaki barazani. Walikuwa wameambiwa ni jambo la saa moja.

Nilikuwa nimeamka saa kumi na moja. Nilikuwa nimetandika vitanda vyote. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mwalimu na Mama Esta walipofika na mashahidi, chefu alisoma karatasi polepole, na mipaka ya kiwanja, na majina yetu. Mpango waliokuwa nao juu yangu niliusikia wakati wanasubiri kalamu: nitakwenda Mubi, nitalala na wale wadogo wawili, nitamsaidia mama yao. Papa alimweleza mwalimu, si mimi. Akasaini. Kaka akasaini haraka na mkia mrefu. Dada akasaini na mtoto akavuta karatasi, watu wakacheka. Nje mmoja wa wenye pikipiki akaita, "Papa, mvua inakuja! Tuharakishe!"

Kalamu ikafika kwangu. Nilitazama majina yale matatu na nikaelewa kwamba nikiandika la nne, watasimama. Hawatakaa hata kula. Kila mmoja atafunga koti, na watakuwa wameondoka kabla wino haujakauka.

Nikasema, "Bado."

"Mutoto, unasema nini?" aliuliza chefu.

"Bado, Chefu."

Kaka alipiga makofi. "Eh! Mama Kimya amesema! Muandike hiyo pia mu karatasi, na tarehe!"

Papa hakucheka. "Neema, kama kuko shida, ungenielezea ku simu. Si hapa mbele ya wageni."

Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Sikatai, Papa. Batoto ya Mama Esta wanahitaji nyumba. Nitasaini. Lakini mulale hapa kwanza. Wote. Usiku moja."

Niliiweka kalamu juu ya karatasi.

"Kulala?" alisema Dada. "Bwana yangu nilimuacha bila kumupikia, mutoto hana hata nguo ya kubadilisha."

"Tulale tufanye nini?" aliuliza Kaka, na kweli alikuwa anauliza.

"Mulale tu."

Papa alikuwa anatazama sakafu, ile simenti ambayo Mama aliilainisha kwa chupa, amepiga magoti siku mbili. Nilifikiri atanikemea. Mama Esta ndiye aliyesema.

"Mimi nimelala na batoto sita mu chumba mbili mwaka muzima. Usiku moja haiwezi kuniua. Karatasi tutaimaliza kesho baada ya ibada."

Chefu akakunja karatasi. Papa akatoka hadi barazani akawaambia wenye pikipiki waende, warudi kesho. Hakuniangalia aliporudi.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo tulikumbatiana. Haikuwa hivyo. Kaka alinuna mpaka saa tisa. Kisha akagundua kwamba mlango wa chumba chake unalia, akatafuta nyundo, na amekuwa akiutengeneza tangu wakati huo, mlango ambao kesho utakuwa wa watu wengine. Dada amepanga upya masufuria yangu yote huku akiuliza ni nani aliyenifundisha kuweka chumvi karibu na mvuke. Papa aliingia chumba chao na Mama, akafunga mlango. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na akauliza tu kama kuna maji ya kuoga. Sasa yuko chini ya mparachichi na simu ya Mama Riziki, ambayo rezo yake hushika pale kidogo, anamweleza mke wake wa Mubi. Namsikia: "Kesho. Nasema kesho. Hapana, hakuna mugonjwa."

Na mimi nina aibu. Walikuwa na mipango yao, nami niliwashika kwa kalamu. Tena, niwe mkweli kabisa, nilifurahia. Kwa dakika ile moja watu wote saloni walikuwa wananisubiri mimi, na nilitamani dakika iongezeke.

Sasa Dada anapika sombe, majani ya muhogo. Harufu ya mawese imefika hadi hapa barazani. Kaka anapiga nyundo, mtoto analia, Dada anamwambia Kaka aache nyundo, Kaka anamwambia anyamazishe mtoto kwanza. Kelele tupu. Sijui niseme nini nikiingia ndani, kwa hiyo nimekaa hapa nje, mita tatu kutoka kwa watu niliowaomba wabaki. Labda upweke mwingine unatokana na mimi mwenyewe, si na vyumba.

Nitaingia. Nikimaliza sentensi hii nitaingia na kumpokea Dada mtoto, hata kama sitasema kitu.

Na kesho baada ya ibada nitasaini. Niliahidi, na wale watoto sita siwezi kuwaacha mlangoni. Nitamwambia Papa pia kwamba kabla sijaenda Mubi kulea, nataka aniulize. Nimeshasema neno moja mbele yake, la pili halitaniua.

Dada ananiita, chakula kiko tayari. Anaita kwa jina langu, kwa sauti kubwa, kama zamani. Nimeitika, na sasa swali moja linanichoma.

Kwa nini niliomba usiku mmoja tu?